Kwa Nini Mimi Nesi Natembea na Bastola

(Maneno niliyozungumza katika mkutano wa Waswahili waishio Houston, Texas. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, pamoja na vichekesho vyake.)



Katibu aliponipigia simu wiki tatu zilizopita alizunguka sana. Akauliza habari za kazi, habari za mama huko nyumbani, habari za mvua. Mwishowe akasema kuna maneno yanapita mjini kwamba yule dada nesi wa Shinyanga anatembea na bastola kwenye mkoba. Nikamjibu kwamba mkobani hapana, naivaa kiunoni, ila yaliyobaki yote ni kweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi njoo utuzungumzie, maana vijana wananunua na sisi wazee hatujui tuseme nini. Ndiyo maana nimesimama hapa. Na msiniangalie kiunoni, leo sinayo. Mwenye ukumbi amebandika bango mlangoni, nami bango nalitii.

Kilichotokea wote mnakijua. Kijana wetu aliyekuwa zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta alipigwa risasi mwaka jana. Mungu amemjalia amepona. Lakini tangu siku ile nawafahamu vijana watano wa jumuiya hii walionunua bastola, na wawili kati yao walinipigia simu kuuliza wanunue ya aina gani, kama mtu anayechagua simu ya mkononi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini mimi ninayo. Jioni hii nitajibu swali ambalo hawakuniuliza. Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sikuja kuuza silaha, wala sikuja kuwatukana wanaozibeba, maana nitakuwa najitukana mwenyewe.

Nianze na sababu ambazo si zangu. Wapo wanaosema hapa Marekani kila mtu anayo, kwa hiyo asiye nayo ni mjinga. Tusidanganyane. Taasisi ya Pew iliwauliza Wamarekani mwaka 2023, na watu wazima 32 kati ya kila 100 ndio waliosema wanamiliki silaha. Wengi wa wenzetu kazini hawana. Katika hao wanaomiliki, 72 kati ya 100 walisema ulinzi ni sababu kubwa, na hapo ndipo penye mazungumzo: ulinzi dhidi ya nani, wapi, saa ngapi? Ukimwuliza kijana wetu maswali hayo matatu anaanza kukusimulia filamu.

Wapo wanaosema ni haki ya kikatiba. Hilo ni kweli. Marekebisho ya Pili ya Katiba yapo tangu 1791, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2008 kwamba ni haki ya mtu binafsi kuwa na silaha nyumbani kwake, na mwaka 2022 ikasema haki hiyo inatoka naye hadi nje ya nyumba. Lakini ruhusa si sababu. Sheria za nchi hii zinaruhusu pia kuchora mwili mzima tattoo, na sijaona mzee hapa akinihimiza.

Halafu iko sababu ambayo Watexas wenyewe hukupa, na hii naiheshimu zaidi. Mwalimu wetu wa darasa la leseni alitusimulia habari ya mkahawa wa Luby's mjini Killeen, tarehe 16 Oktoba 1991. Mtu aliingiza gari lake kwa kishindo kupitia ukuta wa vioo, akashuka na kuanza kuwapiga watu risasi wakiwa kwenye chakula cha mchana. Aliua watu 23. Ndani alikuwemo mama mmoja, Suzanna Hupp, aliyekuwa na wazazi wake. Bastola yake alikuwa ameiacha kwenye gari kwa sababu sheria ya Texas wakati ule haikuruhusu kuibeba mwilini. Baba na mama yake wote wawili waliuawa siku hiyo. Alikwenda kutoa ushahidi bila kuchoka, na mwaka 1995 Gavana George W. Bush alitia saini sheria ya leseni za kubeba bastola. Nilipoisikia habari ile machozi yalinitoka. Hata hivyo nilijiambia kwamba huo ni uchungu wa Suzanna Hupp, na mimi siwezi kubeba silaha kwa uchungu wa kuazima. Mkahawani sijawahi kutishwa na mtu.

Sababu yangu mimi ina sura, ina sauti, na ina saa.

Nafanya kazi idara ya dharura, naingia saa tisa alasiri na kutoka saa tisa usiku. Miaka minne iliyopita aliletwa mgonjwa ambaye tulihangaika naye kwa muda mrefu, akafariki. Ndugu yake mmoja aliamini kwamba sisi tuliokuwa zamu tulimwacha afe. Huzuni naijua, na watu wamenirushia maneno makali mara nyingi. Nimekwisha kutukanwa kwa lugha nne. Huyu alikuwa tofauti. Alisoma jina langu kwenye kitambulisho kifuani akalitamka polepole, herufi zote, jambo ambalo hata wakuu wangu wa kazi hawaliwezi. Wiki ile ile nikamkuta kwenye maegesho ya magari, amesimama nyuma ya gari langu. Alisema kidogo tu: anajua ninapokaa. Nilitoa taarifa, polisi wakaandika, kazini wakanipa mlinzi wa kunisindikiza hadi garini kwa wiki mbili.

Baada ya wiki hizo mbili nikamkuta ndani ya uzio wa fleti ninakoishi. Ilikuwa inakaribia saa kumi usiku. Nilifanya kile ambacho mtoto wa Kisukuma hufanya bila kufikiri: nilipiga yowe, ule mwano wa kwetu, wa kutoka tumboni. Taa za ghorofa ya pili ziliwaka. Pazia likasogea. Kisha taa zikazimwa, moja baada ya nyingine. Yule mtu aliondoka kwa hiari yake, taratibu, kama mtu aliyemaliza matembezi.

Wazee wangu, nataka mlielewe hili, maana ndiyo sababu yenyewe. Mimi nimekulia mahali ambapo mwano haupigwi bure. Mnaotoka kanda ile mnakumbuka sungusungu walivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, Unyamwezi na Usukuma, wakati wezi wa ng'ombe na majambazi walipozidi na silaha za vita zikiwa zimezagaa baada ya vita vya Uganda. Yowe likipigwa au filimbi ikilia, kila mwanamume alitoka na upinde na mishale yake, na asiyetoka alitozwa faini. Sisemi sungusungu walikuwa malaika. Walipiga watu, na wako vikongwe walioumizwa kwa kusingiziwa uchawi, nayo hayo yanahitaji siku yake. Lakini hakuna aliyepiga kelele usiku halafu jirani akazima taa. Ulinzi ulikuwa kitu cha kijiji. Hapa ulinzi ni kitu unachonunua dukani, ukajifunza mwenyewe, ukakibeba mwenyewe.

Sitawalaumu sana wale majirani. Kila mmoja ana watoto ndani, na katika nchi hii hujui aliye nje ameshika nini. Kwa mantiki hiyo hiyo nami sikuweza kuendelea kutegemea madirisha yao. Nilikwenda mahakamani nikapata amri ya kumzuia asinisogelee. Karatasi ile naithamini, kwani bila hiyo polisi hawangekuwa na cha kumkamatia. Ila karatasi haishuki nami kwenye gari saa tisa na nusu usiku.

Nikasoma darasa, nikafanya mtihani wa maandishi, nikapiga risasi 50 za mtihani: 20 kwa yadi 3, 20 kwa yadi 7, 10 kwa yadi 15. Siku hizi mtasikia kwamba Texas leseni haihitajiki tena, na ni kweli, tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mzima asiyekatazwa na sheria anaweza kubeba bila leseni. Ushauri wangu ni mfupi: darasa soma hata kama halilazimishwi. Nimeona kwenye kiwanja cha shabaha kijana wa kwetu akigeuka kumsemesha mwenzake huku mtutu ukigeuka naye. Baba yangu aliyepita JKT angemtandika kofi pale pale.

Sasa niwaambie bastola yangu haifanyi nini, kwa sababu hili wauzaji hawalisemi. Haiingii hospitali. Ninapoanza zamu inabaki garini ndani ya kasha la chuma lililofungwa kwa mnyororo chini ya kiti. Iko sheria ya Texas ya mwaka 2011 inayomzuia mwajiri kumkataza mfanyakazi mwenye leseni kuacha silaha yake ndani ya gari lililofungwa kwenye maegesho, na hapo ndipo mwisho wa msaada wake. Kwa hiyo saa 12 za zamu sina kitu, na ni saa hizo hizo ndimo tunamopigwa. Takwimu za serikali za mwaka 2018 zilionyesha kwamba katika majeruhi wote wa ukatili kazini nchini, wale walioumia lakini hawakufa, 73 kati ya 100 walikuwa wafanyakazi wa afya. Si polisi, si walinzi wa benki. Sisi wenye kubadilisha mashuka. Mimi nimeng'atwa, nimepigwa teke la mbavu, nimetemewa mate. Oktoba 2022 katika hospitali moja mjini Dallas wafanyakazi wawili waliuawa kwa risasi huko huko ambako wanawake hujifungua, na aliyewaua alikuwa amekuja kumwona mtoto wake aliyezaliwa.

Kuna wenzangu wanaosema basi turuhusiwe kuingia nazo wodini. Mimi napinga. Chumba cha dharura ni mahali ambapo ninainama juu ya mtu aliyechanganyikiwa, kiuno changu kikiwa sawa na mkono wake. Mlango wenye mlinzi wa kweli na kitufe cha kuitia msaada ni bora kuliko manesi kumi wenye bastola. Texas imepitisha sheria mwaka 2023 inayozitaka hospitali ziwe na mpango wa kuzuia ukatili kazini, na dada zangu wa kazi hii nawaomba mwulize huo mpango wenu uko wapi na nani anausimamia. Kwa hiyo bastola yangu ni ya safari moja tu, kutoka kwenye gari hadi mlango wa nyumba. Dakika chache kila usiku. Mtu akiniambia anabeba ili awe salama, namuuliza dakika zake ni zipi.

Sasa nakuja kwenye jambo zito, na watoto wadogo nawaomba watoke wakachukue soda.

Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi katika nchi hii. Waliouawa na wengine walikuwa 20,958. Waliojiua wenyewe walikuwa 26,328. Zaidi ya nusu! Yaani mtu anayenunua bastola kwa kumwogopa jambazi, kwa hesabu ya taifa zima, anaingiza nyumbani kitu ambacho kinaua zaidi wenye nyumba kwa mikono yao wenyewe. Na tangu mwaka 2020 silaha za moto zimekuwa ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 19 hapa Marekani, zikizipita ajali za magari. Mimi hizi si namba za kusoma. Hawa wanaletwa kwangu, na wa risasi mara nyingi hawaletwi, maana hakuna tena cha kuleta.

Kwetu tunapenda kusema kujiua ni mambo ya wazungu. Nisikilizeni vizuri. Mdogo wangu wa kiume alikuja kukaa kwangu baada ya ndoa yake kuvunjika na kazi kumtoka, yote ndani ya miezi mitatu. Amenipa ruhusa ya kusema haya na leo hayupo mji huu. Nyumba yangu ina vyumba viwili. Wiki ya kwanza aliongea, wiki ya pili akawa halali. Wiki ya tatu aliwapa watoto wa jirani viatu vyake vizuri, akanipa mimi saa aliyoachiwa na baba, akasema yeye haihitaji sana. Mwingine angesema kijana ameokoka. Mimi nilikuwa na miaka 9 ya kazi, nikajua ninaangalia nini.

Jioni ile ile, kabla sijamwuliza neno, nilichukua bastola na kila risasi iliyokuwemo ndani nikaipeleka kwa mwenzangu wa kazi anayeruhusiwa kuwa nayo. Kisha nikarudi nikakaa naye mezani nikamwuliza kwa Kiswahili kisicho na kona: unafikiria kujiua? Watu huogopa kuuliza, wakidhani watamtia mtu wazo. Sivyo. Kuuliza hakumpi mtu wazo, kunampa mlango. Alilia sana, akasema ndiyo. Tulianza matibabu kesho yake.

Ile bastola ilikaa nje ya nyumba yangu miezi 8. Na yule mtu wa maegesho? Alikuwa bado yuko mjini, amri ya mahakama ilikuwa imebakiza miezi. Kwa miezi 8 nilishuka garini usiku nikiwa mikono mitupu, funguo kati ya vidole, moyo ukidunda. Nilikuwa nimepima hatari mbili. Moja ilikuwa nje na huenda isije. Nyingine ilikuwa imelala sebuleni kwangu na jina langu la ukoo. Mwenye huzuni ya namna ile wimbi humpanda likashuka, na akinusurika saa ile, mara nyingi huishi. Wengi wa walionusurika hawafi tena kwa kujiua. Bastola haimpi mtu saa ya kubadili mawazo. Ndugu zangu mnaonunua, hili ndilo swali langu kwenu: mna ujasiri wa kubeba, je, mna ujasiri wa kuitoa nyumbani siku mkeo, mwanao au wewe mwenyewe unapoanza kugawa viatu? Na namba ya simu ya nchi nzima kwa mtu aliye katika hali hiyo ni 988, tangu Julai 2022, mchana na usiku.

Kuna jingine ambalo wenzetu weupe kwenye darasa la leseni hawakuhitaji kulifikiria. Sisi ni weusi, na lafudhi tunayo. Tarehe 4 Februari 1999 huko Bronx, New York, Amadou Diallo, mhamiaji kutoka Guinea, kijana wa miaka 23, alisimamishwa mlangoni kwake na polisi wanne. Akachomoa pochi. Walifyatua risasi 41, na 19 zikampata. Hakuwa na silaha. Tarehe 6 Julai 2016 karibu na Saint Paul, Minnesota, Philando Castile, aliyekuwa akifanya kazi kwenye jiko la shule, alisimamishwa akiwa na gari. Yeye alikuwa nayo na leseni alikuwa nayo. Akamwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha, kama tunavyofundishwa. Alipigwa risasi mbele ya mwenzi wake na mtoto wa miaka 4. Askari aliyempiga aliachiwa huru na mahakama mwaka 2017.

Mimi nikisimamishwa nawasha taa ya ndani, mikono yote miwili usukani, natanguliza kusema nina leseni, ndipo naeleza silaha iko wapi, kisha nauliza afisa anataka nifanye nini kabla sijasogeza hata kidole. Castile naye alisema. Sina dawa ya hilo, na anayewaambia anayo anawadanganya. Kijana anayedhani bastola itamfanya aheshimiwe na polisi arudie kusoma majina hayo mawili.

Nije kwenye makaratasi, maana najua ukumbi huu. Mwenye ukaazi wa kudumu, ile grinikadi, sheria ya shirikisho inamruhusu kununua na kumiliki. Mwenye viza ya mwanafunzi, ya matembezi, au ya kazi ya muda kama H-1B, kwa kawaida inamkataza, isipokuwa misamaha michache kama mwenye leseni halali ya uwindaji. Aliyezidisha muda au aliyeingia bila kibali amekatazwa kabisa. Na kukatazwa si kununua tu, ni hata kuishika. Ile picha uliyopiga sebuleni kwa rafiki yako umeinua bastola yake, ukaisambaza hadi Kariakoo ili wajue umefika majuu, inaweza kugeuka ushahidi. Dukani utajaza Fomu 4473, na kudanganya humo ni kosa kubwa la jinai. Kumnunulia mwenzako asiyeruhusiwa ni jela, na sheria ya mwaka 2022 imefikisha kifungo chake miaka 15. Kubwa zaidi, hukumu ya kosa la silaha inaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye ukaazi wa kudumu wa miaka 20. Tumebeba maboksi, tumesomesha wadogo zetu, tumejenga nyumba za wazazi. Mtu arudishwe kwa ndege kwa sababu ya picha? Kabla ya kwenda duka la silaha, nenda kwa mwanasheria wa uhamiaji.

Hapa mbele ameketi mama yetu mmoja kutoka Uvira. Tulipokuwa jikoni aliniambia kwamba yeye alitembea kwa miguu akiwakimbia watu wenye bunduki, na hatakaa nyumba yenye bunduki hata akipewa bure. Sikumjibu kitu, kwa sababu hana cha kujibiwa. Binamu yangu aliye nesi Leicester naye huniona nimeharibikiwa. Kwao, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa shuleni Dunblane mwezi Machi 1996, bastola zilipigwa marufuku karibu zote mwaka uliofuata, na kujilinda hakukubaliwi kuwa sababu ya kupewa kibali. Naye hupigwa makofi na wagonjwa kama mimi. Ila akitoka zamu yake saa nane usiku, anachoogopa ni barafu barabarani. Ningekuwa Leicester nisingebeba. Ningekuwa Shinyanga nisingebeba pia, na hata nikitaka, kwa sheria ya silaha ya mwaka 2015 ningeanza kwa kuomba leseni kwa maelezo marefu. Naibeba kwa sababu ninaishi hapa, na kwa sababu ya mtu mmoja. Nikihamishiwa zamu ya mchana, na ombi nimelipeleka, nitaiuza.

Mama yangu anajua. Nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na watu wa Kahama. Alikaa kimya simuni, kisha akaniuliza: na huyo mtu akija, mwanangu, utampiga? Nilimwambia sijui, mama. Mimi mikono hii imeshikilia matundu ya risasi yasimwage damu. Mtu mzima ana lita 5 hivi tu, na mshipa mkubwa ukikatika zinakwisha upesi kuliko chai kuchemka. Najua nitakachokuwa nimefanya. Ninachojua pia ni kwamba nikimpiga, sekunde inayofuata nitakuwa nimepiga magoti pale pale kumfunga jeraha, maana kwenye begi langu, pamoja na bastola, iko kanda ya kubana mshipa. Ile kanda nimeitumia mara moja, kwa dereva aliyepata ajali barabara kuu. Bastola sijawahi kuitoa.

Muda wangu umekwisha, Mwenyekiti ananiangalia. Kwenye meza ile karibu na mlango, kando ya birika la chai, nimeweka kufuli 20 za waya za kufungia silaha. Polisi wengi huzigawa bure kupitia mpango wa Project ChildSafe. Mwenye bastola achukue, hakuna atakayemwuliza jina. Mwenye mtoto chini ya miaka 17 nyumbani ajue kwamba Texas humshtaki mzazi aliyeiacha silaha mtoto akaifikia. Pembeni yake iko karatasi yenye safu tatu: jina, namba ya simu, na saa unayotoka kazini usiku. Wanaume walio macho saa hizo, madereva wa teksi na wa malori, nanyi mna safu yenu upande wa nyuma: nani yuko mtaa gani, na anaweza kupigiwa simu akae hewani mpaka dada afunge mlango wake. Mimi natoka saa tisa usiku, siku nne kwa wiki. Jina langu ni la kwanza.

Karibuni kwa maswali.